Februari Bila Theluji

Mwaka ule theluji iligoma kuanguka. Gina Lobo, mjane wa Kigoa mzaliwa wa Mwanza, alipanda basi la asubuhi kutoka Scarborough, kitongoji cha jiji kubwa katika nchi ya baridi, akiwa amebeba koti mkononi, na abiria wenzake walikuwa wakichekelea joto hilo. Yeye hakuchekelea. Kaskazini, kupita Richmond Hill, kwenye shamba la mizabibu la shemeji yake Lester, ardhi ilikuwa wazi, nyeusi, laini kama ya Aprili.

"Haijalala vizuri mizabibu hii," Gina alisema akipapasa tawi. "Inadhani baridi imekwisha."

"Shemeji, usinitabirie mabaya."

Lester alikuwa ameuza duka lake la vipuri vya magari huko mjini, Downsview, ili atengeneze divai: nyepesi, yenye ukali wa tufaha bichi, ambayo nchi ya joto haiwezi kuitoa. Hakutia chachu ya dukani. Zabibu zilichacha zenyewe ndani ya mapipa ya mbao, taratibu, kama wazee wa kazi hiyo walivyofanya. Gina alipofiwa na mumewe aliacha ukarani, akaja kupogoa matawi, kuvuna na kuosha mapipa. Kazi ile ndiyo iliyomtoa kitandani.

Jumatano moja upepo ukageuka. Mchana walifanya kazi na sweta. Jioni mabomba ya maji yalikuwa yamepasuka kwa kuganda. Kesho yake shamba lilikuwa kimya kabisa, isipokuwa mara moja moja shina la mzabibu lilipopasuka: ta!

Gina alikata matawi ya kila upande wa shamba, akayabeba hadi nyumbani, akayasimamisha sebuleni ndani ya ndoo ya maji. Barafu ilipoyeyuka akachukua wembe, akaanza kupasua macho ya matawi, vile vinundu ambamo majani na zabibu za mwaka ujao hujificha. Jicho hai huwa kijani ndani. La kwanza lilikuwa kahawia. La pili pia. Akavaa miwani, akasogea dirishani, akaendelea mpaka vidole vikamuuma. Yote kahawia, kama tumbaku.

Alimpelekea Lester, lakini Lester hakutaka hata kuyatazama.

"Baba, tununue zabibu za kwingine mwaka huu," alisema binti yake Leanne, kwa Kiingereza kama kawaida yake. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Divai hii ni ya udongo huu. Na mizabibu haijafa. Anti yako haoni vizuri."

Gina aliyakusanya matawi yake. Maneno yale yalimkaa kifuani.

Basi Machi yote wakapogoa. Mzabibu hai ukikatwa majira hayo hutiririsha maji. Mizabibu hii haikutoa hata tone. Mwanzoni Lester aliimba. Halafu akaacha kuimba, akaacha kula mchana, na Gina akatambua kwamba shemeji yake alijua kuwa mizabibu imekufa. Sasa Gina hakuogopa tena baridi. Alimhofia Lester.

Mei ilipofika, magugu yakastawi, vichaka vya jirani vikachanua. Mizabibu ilibaki kijivu. Asubuhi moja Leanne alipiga simu huku akilia: baba yake hayupo, simu haipokei, gari liko palepale. Gina alipofika, walimtafuta ghalani, wakachungulia nyuma ya mapipa, wakaita. Kisha wakasikia mngurumo wa msumeno upande wa mbali.

Lester alikuwa amekata karibu shamba zima, mashina yamelala mstari baada ya mstari. Uso wake ulijaa vumbi la mbao.

"Uliniambia," alimwambia Gina, akiuzima msumeno. "Uliniambia, shemeji, nikakutukana."

Gina alimshika mkono, akamketisha chini.

Juni, bondeni, mistari michache ilichipua kutoka chini kabisa ya mashina. Kwingine kote hakikutoka kitu. Hapakuwa na mavuno, na Leanne akapata kazi mjini. Vuli ilipofika, Lester na Gina walivifukia vile vichipukizi kwa udongo, visije vikaguswa na baridi, mpaka bonde likawa safu za matuta kama makaburi mapya.

"Udongo unatosha?" Lester aliuliza.

Gina akaongeza koleo jingine la udongo.