Kilomita Elfu Moja za Kwanza

Pikipiki mpya hunuka rangi inayoungua. Bomba la moshi likipata moto siku za mwanzo, hufuka moshi mwepesi ambao harufu yake hukaa kooni, na harufu hiyo ndiyo iliyojaa ua wetu mdogo wa Makongeni, Thika, likizo ya Agosti nilipokuwa na miaka tisa. Baba alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha nguo tangu kabla sijazaliwa. Kiwanda kikapunguza watu, naye akawa mmoja wao. Kile alichopewa akiachishwa kazi alikinunulia pikipiki nyekundu ya kubebea abiria. Mama, aliyekuwa akipakia biskuti katika kiwanda kingine kule Eneo la Viwanda, aliizunguka mara mbili bila kuigusa, akasema tu, “Haya basi, Mungu aisimamie.”

Fundi wa dukani alimpa Baba masharti, naye akayashika kama mtu aliyeokoka juzi. Kilomita elfu moja za kwanza asipite hamsini kwa saa. Asibebe mzigo mzito. Oili ya kwanza imwagwe mapema. “Vyuma bado havijazoeana,” Baba alinieleza akiwa amechuchumaa kando ya injini. “Ukivikimbiza sasa vinakwaruzana, na hiyo haitengenezeki tena.” Kwa hivyo hakuanza kubeba abiria. Kila asubuhi, baridi ikiwa bado imetanda, aliipeleka Ruiru na kuirudisha polepole, na mara nyingi alinichukua mimi kwa kuwa nilikuwa mwepesi. Akanipa na kazi. “Mimi naangalia barabara, wewe angalia mshale. Ukipita hamsini uniambie. Sawa, Nekesa?” Nilinyoosha shingo juu ya bega lake, na niliposema, “Baba, hamsini!” mkono wake ulilegea papo hapo, sauti ya injini ikashuka, naye akanipigapiga goti kunishukuru. Malori yalitupita yakitutikisa kwa upepo wake, lakini mimi sikuogopa. Sidhani nimewahi tena kujiona mtu wa maana kama nilivyojiona majuma yale.

Jumapili moja, injini ikiwa imetimiza kilomita mia nane na kitu, Mama alikuwa zamu, na Baba akatupeleka kwa dada yake anayeishi Ruiru, mimi na ndugu yangu Wafula wa miaka mitano. Wafula alikuwa na pumu. Jirani wa Shangazi alikuwa anachoma takataka nyuma ya nyumba, na kabla hatujamaliza kula, Wafula akaanza kukohoa. Baba alitoa dawa ya kuvuta, akampulizia, akangoja, akampulizia tena. Haikusaidia. Akambeba mbio hadi zahanati ya karibu, sisi nyuma yake. Muuguzi alimsikiliza kifua, akautazama mtungi wa oksijeni uliosimama pembeni, akatikisa kichwa. “Huu umeisha tangu jana. Mkimbizeni Thika. Msingoje gari.”

Kwenye pikipiki Baba alikaa mbele, Wafula katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Shangazi alibaki akimpigia Mama simu. Kifua cha Wafula kilikuwa kinapiga mluzi chini ya viganja vyangu, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Sikuweza kumtazama. Nikatazama kile nilichozoea kutazama. Mshale ulipanda arobaini, hamsini, sitini, ukaelekea sabini, na kinywa changu kikasema bila mimi kukituma, “Baba, hamsini!”

Mkono wake ulilegea. Nilisikia injini ikishuka sauti. Tulikwenda hivyo kwa muda ambao mpaka leo siwezi kuupima, labda dakika tano, labda hata hazikufika, hadi mluzi ule uliponyamaza. Nilidhani Wafula amepata nafuu, nikafurahi. Baba ndiye aliyeelewa kimya kile. Alitoa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, akafungua mafuta yote, na pikipiki ikanguruma hivyo mpaka mlangoni mwa hospitali.

Muuguzi aliyetoka kutuona hakuwa mtu mbaya. “Mngewahi kidogo tu,” alimwambia Baba, kisha akamshika mkono. Mama alifika akiwa bado na kofia ya kazini, unga wa biskuti kwenye mikono. Alipomaliza kulia alimuuliza Baba, “Ama pikipiki ilikuwa na shida?” Baba akasema, “Haikuwa na shida.” Nilikuwa nimesimama katikati yao.

Tulimzika Wafula nyumbani, Bungoma. Tuliporudi Makongeni, Baba aliiuza pikipiki kabla haijamaliza ile elfu yake, akapata kazi ya kulinda ghorofa mtaa wa Kamenu, na hajaendesha tena chombo chochote. Mimi sasa nina miaka ishirini na mitatu. Nimeajiriwa katika duka la dawa hapo Ruiru, na kila siku napita njia ileile. Asubuhi foleni ikikosekana ni safari fupi mno, haitoshi hata mazungumzo ya simu. Utotoni niliiona kama nchi nzima.

Mwezi uliopita nilimwambia Mama. Tulikuwa tunachambua maharagwe, na maneno yakanitoka tu: kwamba mimi ndiye niliyempunguzisha Baba mwendo. Hakuinua kichwa. “Najua,” alisema. “Baba yako aliniambia siku hiyohiyo, kabla hatujatoka hospitali. Akaniomba nisikuulize kamwe.”

Miaka kumi na minne, katika vyumba viwili, watu watatu tulikuwa tumebeba kitu kimoja, mimi nikiwaficha wao, wao wakinificha mimi. Niliosha mikono nikaenda sebuleni. Baba alikuwa anatazama habari, akasogea kunipa nafasi.

“Baba, Mama ameniambia unajua.”

Alizima runinga. Akaweka mikono yake juu ya magoti, na nikaona kwamba amezeeka.

“Wewe ulikuwa na miaka tisa,” alisema. “Mimi nilikuwa na thelathini na sita.”