Nilivyojifungia Nje Nikiwa Newala

Mjomba alisema sitaweza. Alisema hivyo mbele ya ukoo wote pale kijijini kwetu Chiungutwa: mtu aliyeondoka na baiskeli ya kuazima hawezi kurudi na mashine ya kuzungumza na Dar es Salaam. Mwalimu mstaafu wa Newala, aliyenikopesha fedha za modemu, alisema anazitoa kwa heshima ya marehemu baba yangu, si kwamba anaamini. Mimi nilirudi na stashahada ya kompyuta, wa kwanza katika tarafa yetu, na sioni sababu ya kuificha.

Biashara ya korosho ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, na kila mnunuzi alitaka bei za Dar kabla ya mwenzake. Nikafunga dishi la setilaiti na mashine yake Masasi, nikafungua ofisi ndogo Newala, nikaziunganisha kwa laini ya simu. Wengine walihitaji picha za kubofya. Mimi nilikaa Newala mbele ya skrini nyeusi, nikaandika amri, na mashine ya Masasi ikatii. Chumba chake nilikifunga, ufunguo nikatembea nao mfukoni. Sikumwamini mtu.

Dishi lilitokana na mikorosho ya mama, niliyoiweka rehani kwa mzee mmoja. Mzee huyo alikuwa na desturi yake: mkorosho ukishakuwa wake, huufunga kitambaa cheusi shinani. Nisipolipa mwisho wa mwezi, angeokota korosho yeye, mama akitazama. Fedha zingetoka kwa mnunuzi mmoja tu, na mkataba wake ulisema laini ikikatika kutwa nzima, hanidai wala simdai.

Zilibaki siku tatu. Asubuhi hiyo laini ilikuwa nzito, nikaamua kuzima kiunganishi cha laini kwenye mashine ya Masasi na kukiwasha upya. Chuoni tulifundishwa kwamba aliye mbali huandika amri zote mbili pamoja, ya kuzima na ya kuwasha, ndipo abonyeze. Nilijiona nimeshapita hayo. Nikaandika ya kuzima, nikabonyeza.

Skrini ikaganda. Niliandika ya kuwasha. Hata herufi moja haikutokea. Ingepita wapi? Njia yake ndiyo niliyoifunga.

Ilibidi niende Masasi mwenyewe, na gari pekee lililopatikana lilikuwa lori la magunia matupu. Nilipanda nyuma, nikamkuta mzee wa rehani ameketi juu ya magunia, mfuko wa plastiki mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona jasho asubuhi yote hii, fundi?"

Nikamwambia nakwenda Masasi kazini.

"Mimi naishia Chiungutwa," akasema. "Nakwenda kuangalia mikorosho yangu."

"Bado ni ya mama, mzee."

"Bado," akakubali, taratibu.

Upepo ulifungua mdomo wa mfuko, nikaviona vitambaa, vyeusi, vimekunjwa vizuri. Kwenye mteremko lori lilisimama mara tatu kupoza injini, na kila mara aliiangalia mikono yangu ikiugeuzageuza ufunguo. Alishuka Chiungutwa na mfuko wake.

Nilifika Masasi jua likielekea kuzama. Ufunguo ulinigomea tunduni. Amri yenyewe ilikuwa maneno matatu. Modemu ikalia, ya Newala ikaitika, na barua za mnunuzi zilizokuwa zikingoja zikaanza kupita kabla kutwa haijaisha. Alinilipa yote. Tangu hapo sijaandika ya kuzima peke yake.

Niliwalipa wote waliokuwa wakinidai kwa siku moja. Mwalimu alihesabu mara mbili, kisha akaomba aione ile stashahada. Nilikuwa nayo.

Kule Chiungutwa, mzee wa rehani hakuhesabu. Alinipeleka hadi kwenye mkorosho mkubwa kuliko yote ya mama. Kitambaa cheusi kilikuwa shinani tayari.

"Nilikifunga siku ile ya lori," alisema. "Niliiona mikono yako."

Nilikifungua mwenyewe. Fundo lilikuwa limekazwa hasa. Akasubiri mpaka nilipomaliza, akakichukua, akakinyoosha gotini, akakikunja na kukirudisha mfukoni.