Chumba cha Kompyuta Nyuma ya Kliniki

Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu mjini Tabora nilipoanza kuzisikia sauti. Mwanzoni nilidhani ni wenzangu wa bwenini, wananisengenya upande wa pili wa ukuta. Likizo ilipofika walifunga mabegi wakaenda makwao, mimi nikabaki kumsubiri kaka aje kunichukua. Maneno hayakuondoka nao. Yalikuwa palepale ukutani, yananitaja kwa jina, yanasema mama amenikana. Alfajiri moja nikatoka bila viatu, nikafuata reli kuelekea nyumbani, Kigwa. Mafundi wa reli walinikuta nimeketi juu ya mataruma, nyayo zimechubuka, nabishana na watu ambao wao hawakuwaona. Walinifunika koti la mvua, wakanipandisha kwenye kiberenge chao.

Baba yangu ni mkulima wa tumbaku na mzee wa kanisa. Aliita watu wa maombi. Mama mdogo, bila baba kujua, alimleta mganga kwa mlango wa uani. Mwishowe tukaishia kliniki ya magonjwa ya akili mjini. Daktari aliuita ugonjwa huo saikosisi, akaniandikia dawa.

Dawa zilinisaidia. Sauti zikafifia, zikawa kama redio ya jirani, halafu zikanyamaza. Lakini hakuna aliyenionya juu ya ukimya uliobaki. Mama akinituma chumvi na kiberiti, nafika dukani nasimama tu, mwenye duka ananitazama. Nikisoma, mstari wa pili unaufuta wa kwanza. Watu wakicheka, nami nacheka wakati wao wameshamaliza. Marafiki zangu wa chuoni walikuja kunitazama mara moja, wakakaa kwenye ukingo wa viti kama watu wenye safari, wakaaga kabla chai haijapoa. Baada ya hapo simu yangu haikuita tena.

"Sauti zimeondoka," daktari aliniambia, "lakini kumbukumbu na umakini havijarudi. Hivyo vinahitaji mazoezi, kama mguu uliokuwa kwenye plasta." Kliniki ilikuwa imeanza mazoezi ya kompyuta kwa vijana wenye ugonjwa kama wangu. Ili niwe karibu, nikahamia kwa shangazi, mtaa wa Ng'ambo. Shangazi aliwaambia majirani kwamba nimekuja kupumzika baada ya malaria kali. Wageni wakibisha hodi, nilijua pa kwenda: chumba cha nyuma, mlango umerudishwa.

Chumba cha mazoezi zamani kilikuwa stoo, na bado kilinuka dawa ya kupigia deki. Kompyuta zilikuwa chache na kuukuu, zimeelekezwa ukutani, kwa hiyo tuliketi tumepeana migongo. Msimamizi alikuwa muuguzi wa kiume wa makamo, mpole, mwenye kikohozi kisichokwisha. Siku ya kwanza alinikabidhi hedifoni.

"Utasikia mlio. Wewe bonyeza tu kama unapanda au unashuka."

Nilipozivaa na mlio ukaniingia masikioni, nilizing'oa nikazitupa sakafuni. Nilikuwa nimehangaika vile kuitoa sauti kichwani, na sasa hawa wananirudishia nyingine. Muuguzi hakunikemea. Aliziokota, akazivaa yeye, akacheza raundi nzima akiwa amesimama, akakosea, akajicheka. Kisha akanisogezea upande mmoja wa hedifoni karibu na sikio, upande wa pili akiushikilia sikioni mwake.

"Umesikia? Hii hata mimi naisikia."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo kuhusu sauti yoyote. Nikakaa.

Mazoezi yenyewe yalichosha. Milio ilipanda na kushuka, kila hatua kwa kasi zaidi. Picha zilijitokeza na kufichwa, nikatakiwa kukumbuka zilikokuwa. Nilipopatia, sauti ya mwanamke ilinisifu kwa Kiingereza. Kuna siku alikuwa mtu pekee aliyesema nami tangu asubuhi, na nilijua fika kwamba hayupo.

Kiti cha kulia kwangu kilikuwa cha kijana kutoka Lusu, huko Nzega, aliyeacha shule akiwa kidato cha sita na sasa alikaa kwa ndugu zake mjini. Kwa muda mrefu hatukusema zaidi ya salamu. Siku moja umeme ukakatika, muuguzi akatoka kuulizia, nasi tukabaki tukitazama vioo vyeusi.

"Wako walikuwa wanaongea lugha gani?" akaniuliza.

"Wangu nani?"

"Wale."

Nikaelewa. "Kiswahili. Walikuwa wenzangu wa bwenini."

"Wangu Kinyamwezi. Sauti ya babu yangu kabisa, aliyenilea. Sasa babu akikuita, utaacha kuitika?"

Nikacheka. Naye akacheka, na safari hii tulianza na kumaliza pamoja. Tangu hapo tulisimama kidogo bombani kila baada ya mazoezi, tukaongea mpaka bodaboda wake alipofika.

Halafu akaacha kuja. "Baba yake amemchukua," muuguzi alisema. "Anasema kijana amepona."

Kichwa changu kilikuwa kimeanza kufunguka. Fundi cherehani wa jirani, bibi wa Kiislamu mwenye maneno mengi, alinisimulia mkasa mrefu wa mke mwenzake na mbuzi wa akika, nikaufuata wote, nikacheka pale penyewe. Nilitamani kumwambia mtu kwamba nimeweza. Shangazi angeuliza, umeweza nini? Wa kuelewa alikuwa mmoja tu, na hakuwapo.

Kwa hiyo nikapanda basi la Nzega, kisha bodaboda hadi Lusu, nikauliza hadi nikafika. Baba yake alikuwa uani anarekebisha mpini wa jembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umetumwa na hospitali?"

"Hapana. Nilikuwa nikitibiwa pamoja na mwanao."

Aliniangalia tena, toka juu hadi chini. Mwanawe alikuwa juani kando ya turubai la karanga, amekonda, midomo inacheza, anamwitikia mtu kwa Kinyamwezi. Nilipochuchumaa mbele yake alitabasamu.

"Umeme umerudi?" akaniuliza.

Baba yake alisema dawa zilikuwa zinamlaza tu, na kwamba sasa wanamwombea. Sikubishana naye, nyumbani kwetu pia tulianzia hapo. Mama yake ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani.

"Mwanangu, nawe ulikuwa hivi?"

"Nilikutwa relini, mama, naongea peke yangu."

Alisimama akinitazama mdomo, kana kwamba anahakikisha maneno yanatoka humo. "Kliniki ni siku gani?" akaniuliza. Nikamwambia.

Nilimaliza mazoezi, nikarudi chuoni kurudia mwaka. Wenzangu walikuwa wameshahitimu. Bwenini hakuna aliyenijua. Nilipokwenda kuchukua dawa, muuguzi aliniambia yule mama alimleta kijana wake, akaanza dawa upya, na sasa ameketi tena kwenye kompyuta. Alikuwa akija asubuhi, wakati mimi nilikuwa darasani. Hatujaonana mpaka leo.

Sasa nafundisha darasa la tatu, shule moja ya Uyui. Dawa naendelea kumeza. Walimu wenzangu wananijua kama mtu mkimya. Mwezi uliopita mmoja wao alisimulia ofisini kwamba mdogo wake amejifungia ndani, anagombana na ukuta. Wote wakasikitika, mmoja akataja mganga, kengele ikalia. Jioni nilimfuata yule mwenye mdogo mgonjwa alipokuwa akifungua kufuli la baiskeli yake, nikamwelekeza kliniki, nikamwambia nitawasindikiza.

"Wewe umejuaje hayo yote?"

Nikamweleza, tangu ukuta wa bweni. Alinisikiliza hadi mwisho, akashukuru, akaondoka. Mdogo wake anatibiwa, anaendelea vizuri. Yeye mwenyewe, wakati wa chai, alizoea kukaa nami; siku hizi huketi meza ya dirishani.