Jumamosi Niliyobadilisha Jina la Seva

Mimi ndiye niliyebadilisha jina la seva. Naanza na hilo kwa sababu siku ile nilichelewa kulisema.

Nakaa kwa dada yangu Kiseke tangu nianze sekondari. Kazi yake ni kuwatumia ujumbe wa simu kina mama wanaoanika dagaa mwaloni, ufukweni mwa ziwa. Mvua ikikaribia anawaambia mapema, waanue. Dagaa wakilowa wanaharibika, wanauzwa chakula cha kuku. Mama yetu mdogo ni mmoja wa hao kina mama. Ujumbe wa dada hauendi moja kwa moja kwenye simu. Unaingia kwanza kwenye programu inayoupanga foleni, ndani ya seva ya kukodi iliyoko nchi sijui gani, halafu programu nyingine inauchukua mmoja mmoja na kuutuma.

Seva hiyo dada aliipa jina langu la utani la nyumbani. Nilipewa jina hilo kwa sababu nilikuwa nalowesha godoro, na sitaliandika hata hapa. Yeye aliona ni upendo. Lakini kuna kaka mmoja wa chuo, amepanga Nyegezi, anayefanya field, yaani mafunzo ya kazini, kwa dada. Ijumaa aliliona kwenye kioo cha kompyuta, akacheka mpaka akashika tumbo.

“Dogo, kumbe na seva inaitwa hivi? Nayo inalowesha godoro?”

Nikacheka naye. Ndivyo ninavyofanya nikiumia.

Jumamosi asubuhi dada aliandika tahadhari ya mvua, akaiingiza kwenye foleni, akatoka kwenda sokoni. “Iangalie mpaka iishe,” aliniambia. Mlango ulipofungwa tu, kwenye kompyuta yake aliyoiacha wazi nikabadilisha jina la mashine, nikaweka la kawaida lisilomchekesha mtu, nikaiwasha upya. Foleni ilikuwa bado ndefu, lakini dada husema ujumbe uliohifadhiwa haupotei hata seva ikizimwa. Ilipowaka, foleni ilisoma sifuri. Nikafurahi. Nilidhani zote zimekwenda.

Mvua ilikuja kutoka ziwani kabla ya adhuhuri, kubwa, ya upepo. Dada alirudi amelowa, simu sikioni, na sauti ya mama mdogo niliisikia nikiwa jikoni.

“Wenzangu wachache wamepata ujumbe, sisi hatukupata kitu! Dagaa wote chini! Mnafanya kazi gani nyie?”

Dada akakaa kwenye kompyuta bila kubadilisha nguo. Foleni tupu. Nywila yake inakataliwa. Akadhani ni wenye seva, akawaandikia. Akadhani ni mtandao. Mwisho akafungua mahali programu ya foleni inapohifadhi vitu vyake, akakuta mafolda mawili: moja la jina la zamani, limejaa, na jingine la jina jipya, halina kitu. Programu ile huweka kila kitu kwa jina la mashine. Jina likibadilika, inaanza upya kama haijawahi kumjua mtu.

“Nani kagusa jina?” Hakuniuliza mimi. Alimpigia yule kaka wa chuo, akaweka sauti ya nje.

“Dada, naapa sijagusa!”

“Basi ni mzimu? Wenye nywila ni mimi na wewe. Fomu yako ya field sisaini.”

Nilimsikia yule kaka akihema. Na naandika ukweli: kwa kitambo nilifurahi.

Halafu nikasema, “Ni mimi.” Nilisema kwa sauti ndogo mno, dada akauliza, “Nini?” Ikabidi nirudie, na kurudia ndiko kulikonimaliza.

Hakupiga kelele. Alimwambia yule kaka, “Nisamehe,” akakata simu, akarudisha jina la zamani, akawasha upya. Folda lililojaa likaamka. Kabla hajaizuia ile programu ya kutuma, tahadhari zote za asubuhi zikatoka kwa mkupuo. Nje mvua ilishakatika na jua lilikuwa kali. Mwaloni kina mama walikuwa ndiyo kwanza wamemaliza kuanika upya wale dagaa waliookolewa. Wakaanua tena, mbio mbio, kwa mvua iliyokwisha nyesha.

“Sasa mnatutania,” mama mdogo alisema kwenye simu. Hiyo tu.

Jioni dada aliipa ile programu ya foleni jina lake yenyewe kwenye mipangilio, lisilofuata jina la mashine. Akaniita nione, nikaona.

Jumatatu baada ya masomo nilikwenda mwaloni kumsaidia mama mdogo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Tulikuwa tunageuza dagaa simu zilipoanza kulia, yake, ya jirani yake, za wote. Mvua, anueni. Wakazitazama. Wakatazama juu; palikuwa na wingu dogo tu upande wa visiwani. Mmoja akasema, “Hao watoto wa kompyuta wameanza tena,” wakacheka, wakaendelea kugeuza.

“Mama mdogo, ya leo ni ya kweli,” nilisema.

“Hata ya juzi mlisema hivyo hivyo.”

Nikachukua beseni, nikaanza kuanua wa kwake peke yangu.

“Binti, una haraka gani?” mmoja aliuliza. Beseni la kwanza lilijaa, nikaenda kutafuta la pili.