Namba Yenye Maua Mlangoni

Jamani, hii nawasimulia nyie kwa sababu ni watu wangu, maana hapa Ng'ambo mpaka leo nikipita kijiwe cha kahawa lazima mtu aniulize, "Fundi, ile ilikuwa namba au pambo?" na watu wacheke, nami nicheke nao, halafu nikifika nyumbani moyo uniume upya.

Marehemu baba alituachia gari dogo jeupe, teksi kuukuu, na mdogo wangu Maulidi, ambaye ni fundi magari, akalifufua mpaka likanguruma. Baba mkubwa akasema liuzwe. Mama akaomba jambo moja tu: Maulidi aingie kwenye mashindano ya magari, akimaliza na jina lake likasomwa hadharani, gari libaki nyumbani, lisiposomwa, liende. Baba mkubwa akakubali mbele ya ukoo mzima.

Sasa wa kuchora namba ni nani? Si mimi, mchora mabango! Waandaaji walisema wazi, namba nyeusi, nene, kwenye duara jeupe, na Maulidi akapewa themanini na sita. Nikachora walivyosema, nikarudi nyuma, nikatazama, nikaona aibu. Sisi mafundi wa hapa hatuachi herufi uchi bwana, duka la mchele lina kivuli, basi lina kivuli, hata choo cha kulipia nilikiwekea kivuli (na kilipendeza), leo gari la baba yangu liende tupu? Nikatia kivuli chekundu, kivuli kikataka ukingo wa dhahabu, ukingo ukataka mikia, mikia ikataka majani na maua, nikaja kushtuka mlango wote umejaa. Maulidi akauliza, "Kaka, itasomeka kweli?"

"Wewe endesha," nikamjibu, "mambo ya rangi niachie mimi." Ulimi huu!

Siku yenyewe mama alikuja, yeye ambaye hakuwa akitoka tangu msiba, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kipaza sauti. Magari yalikwenda hadi Kwihara na kurudi uwanjani, na kule Kwihara kwenye kona ya kugeuzia walikaa waandikaji wa kuandika namba ya kila gari linalopita, na vumbi la barabara ile mnalijua wenyewe. Maulidi akarudi wa tatu! Mama akapiga vigelegele, mimi nikarukaruka kama mwendawazimu.

Majina yakasomwa. Wa tatu akatajwa mtu mwingine, na la Maulidi halikusomwa kabisa. Tukamwendea mwamuzi, mama mmoja wa makamo, mpole, akatueleza kwamba Kwihara waliona gari jeupe likipita lakini namba haikusomeka, na magari meupe yalikuwa mengi, kwa hiyo kwao themanini na sita haikufika, na gari lisiloandikwa kule halihesabiwi. Nikapandisha sauti, "Kwani hawana macho? Namba kubwa vile!" Hakubishana nami, alinishika mkono akanivuta hadi upande wa pili wa uwanja, watu wakitufuata, akalionyesha gari letu.

"Haya fundi, tusomee."

Wallahi sikuweza. Vumbi jekundu lilikuwa limekaa juu ya kivuli chekundu, nikaona bustani tu. Mtu nyuma yangu akasema, "Mpe muda, labda anasubiri yachanue!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, nami nikasimama pale nikitamani ardhi inimeze.

Maulidi hakucheka wala hakugomba. Alikwenda akachuchumaa mbele ya mama.

"Mwanangu, si nimekuona umefika?"

"Nimefika, mama. Wao ndio hawakuniona."

Mama akajifunika uso kwa kanga, akalia vile alivyolia siku tunamzika baba.

Gari lilichukuliwa na mfanyabiashara wa Bukene, na eti akaomba maua yasifutwe, yamempendeza. Tangu hapo namba ya gari naichora nyeusi juu ya nyeupe, basi, na anayetaka pambo namwelekeza kwa fundi mwingine. Maulidi bado anakuja kula kwangu, ananiita kaka, na hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja. Angenitukana tu, jamani, ningepumua.