Ngata za Krismasi ya Uhuru

Baba alikuwa fundi wa nguo pale Khayega, kwenye baraza la duka moja lililotazama soko. Cherehani yake ilikuwa ya mkono. Yeye aliongoza kitambaa, mimi nilizungusha mpini. Nikitoka shule nilipitia hapo, nikaweka daftari chini ya meza, na tukafanya kazi mpaka mwanga ulipotuishia. Hakunifundisha kukata. Alisema kukata ni kazi ya mtu aliyekwisha kukasirikiwa na wateja, na mimi bado mdogo kukasirikiwa.

Mama alikuwa ametutoka alipomzaa kitinda mimba. Baba alimfuata wakati wa mvua ndefu, mwaka ule ule ambao nchi ilikuwa ikingojea Uhuru. Tukabaki wanne: mimi, mdogo wangu wa kike, na wavulana wawili wadogo. Nilikuwa darasa la sita. Sikuamua kuacha shule. Asubuhi moja kitinda mimba alikuwa na homa nikabaki naye, na kesho yake palikuwa na jambo lingine, na baada ya hapo mwalimu akaacha kuulizia.

Siku ya kunyolewa nywele baada ya matanga, ndugu za Baba waliketi uani kugawana alivyoacha. Koti lilikwenda kwa mmoja, shoka kwa mwingine. Baba mdogo, yule aliyekuwa akifanya kazi mashambani upande wa Mautuma, hakutaka koti. Aliinuka akaenda kusimama kando ya cherehani, tuliyokuwa tumeirudisha nyumbani kutoka barazani.

"Hii naenda nayo," alisema.

"Baba mdogo, hiyo ndiyo itakayotulisha," nikasema.

"Itawalisha vipi? Wewe unajua kushona?"

"Najua kuzungusha."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. "Kuzungusha hata upepo unazungusha. Sikiliza, mama. Wewe ni msichana. Siku si nyingi utaolewa, utaibeba cherehani ya ndugu yangu uipeleke kwa watu tusiowajua."

"Sitaolewa mpaka huyu amalize shule," nikasema. Huyu alikuwa kitinda mimba, aliyelala mgongoni mwangu mdomo wazi. Hapo wakacheka zaidi.

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Tangu mazishi alikuwa ametuletea chumvi na sabuni, na nadhani alichoogopa hasa ni kuona chombo cha ndugu yake kikishika kutu.

"Nitarudi Krismasi," akasema mwishoni. "Nikikuta inafanya kazi, nasema kazi ya kweli, itabaki hapa. Nikiikuta imefunikwa gunia, naifunga kwa baiskeli."

Jirani mmoja alituonea huruma akaniletea kitambaa cha gauni. Nilikikata kwa mkasi wa Baba, na nilipomvalisha, shingo ya gauni ilikuwa pana kiasi kwamba liliteleza mabegani likaanguka mpaka kiunoni. Alilitazama, akanitazama, akasema atalifanya foronya. Baada ya hapo hakuna aliyeleta kitu. Nikaifunika cherehani kwa gunia mimi mwenyewe.

Wiki za kuelekea Uhuru nilikwenda Kakamega mjini kutafuta kibarua cha kufua. Sikupata. Lakini nilipopita mbele ya maduka, niliona mafundi wa kila baraza wakishona kitu kimoja: bendera. Bendera ndogo za watoto wa shule, kubwa za majengo, ndefu za kutundika barabarani. Chini ya meza zao vipande vilikuwa vimerundikana, vyekundu, vya kijani, vyeusi na vyeupe, na kuku walikuwa wakivichakura. Fundi mmoja mzee aliyemfahamu Baba aliniita.

"Unatazama nini, mtoto wa fundi?"

"Hivyo vipande, baba. Mnavifanyia nini?"

"Tunawasha moto wa chai." Akanipa gunia. "Fagia. Ukifagia vizuri, ni vyako."

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimejitwika bendera zilizokatikakatika, na njiani nikakumbuka kalenda. Ilikuwa ukutani katika darasa letu, ya mwalimu mmoja wa misheni, na picha ya Desemba ilikuwa mlango wa nyumba ya Ulaya. Kwenye mlango pametundikwa duara nono la majani ya kijani na tunda jekundu hapa na pale, na pembeni soksi kubwa na nyota. Mwalimu alituambia hivyo ndivyo watu wanavyoikaribisha Krismasi. Nyekundu na kijani. Gunia langu lilikuwa limejaa nyekundu na kijani.

Nikaondoa gunia juu ya cherehani. Sikujua kukata gauni, lakini mstari ulionyooka niliujua. Nilichukua blanketi la Baba, lile la kijivu lililotoboka hata halikuweza tena kumfunika mtu, nikalikata vipande. Kitambaa chini, blanketi katikati, kitambaa juu, kisha mishono ikipita tabaka zote tatu, mstari kando ya mstari, kama matuta ya viazi vitamu. Kitambaa kinavimba kati ya mishono, kinakuwa kizito na laini mkononi. Mdogo wangu alizungusha mpini, nami kwa mara ya kwanza nikakaa mahali pa Baba. Uzi nilikuwa nao wa aina mbili tu, mweusi na mweupe, kwa hiyo mweusi ulikwenda juu na mweupe chini. Baba angenipiga kofi kwa mshono wa namna hiyo.

Nilishona soksi, nyota, na maduara ya mlangoni. Duara nililifanya kwa ukanda mrefu wenye blanketi ndani, nikaukunja ukawa kama bomba, nikaupinda na kuunga ncha zake kwa sindano ya mkono. Wadogo zangu waliona ni vitu vizuri kuliko vyote duniani. Siku ya soko nikavipanga juu ya gunia pale Khayega, karibu na wauza vyungu.

Mama mmoja aliokota soksi akaigeuza. "Na ya pili iko wapi?"

"Ni moja tu, mama. Unaitundika usiku wa Krismasi, asubuhi unakuta zawadi ndani."

"Ameweka nani?"

Nikaziinamia nyota na kuzipanga upya.

"Panya," akasema mwenzake, na wakaenda zao wakicheka, wakiwaambia wengine, na wengine wakaja kuona soksi ya mtu wa mguu mmoja. Ilikuwa hivyo mpaka jua likapinda. Nilikuwa nimeinama nikikusanya vitu vyangu nilipoona mkono uliojaa udongo mkavu ukichukua duara moja.

Alikuwa bibi mmoja muuza vyungu, mtu aliyeheshimika pale sokoni kwa sababu aliteremka na vyungu vitatu kichwani bila kuvishika. Alilifinya duara. Alilinusa. Akalitupa kichwani, akainama, akainua chungu kikubwa akakiweka juu yake, akatembea mpaka mwisho wa safu na kurudi.

"Kukhu," nikamwambia, kama tuitavyo bibi, "hiyo si ya kichwani. Ni ya mlangoni."

"Mlangoni?" Alisimama, chungu kimetulia. "Mlango unabebanga nini?"

Safu nzima ya wauza vyungu ilicheka. Yeye hakuwa akitania. Akanionyesha ngata yake mwenyewe, ya majani ya mgomba yaliyosokotwa, iliyokuwa imefumuka na kudondosha nyuzi shingoni. "Hii ninasokotanga kila asubuhi, mpaka jioni imekwisha. Yako haitafumuka, na hainichomi. Lakini tundu ni kubwa. Na iongeze unene. Ukiniletea nyingine ya namna hiyo, nitakupa chungu."

Ningeweza kumweleza habari za kalenda. Niliitazama ngata yangu ilivyokaa chini ya chungu, nyekundu na kijani kwenye mvi zake, na nikaona kwamba mwenye makosa hakuwa yeye.

"Nitaleta siku ya soko ijayo," nikasema.

Nikafumua soksi zote. Zilitoa blanketi la kutosha na kitambaa kizuri. Nilipunguza tundu, nikazidisha tabaka, nikasogeza mishono karibu karibu mpaka ngata ikawa ngumu chini na laini juu. Sokoni, bibi wa vyungu alizijaribu moja moja kwa chungu chenye maji. Iliyoegemea upande alinirudishia. Zilizobaki aliwavalisha wenzake yeye mwenyewe, na wakanipa walichokuwa nacho: mtama, mayai, maharagwe, chungu nilichoahidiwa. Tulikula obusuma, ugali wa mtama ule, jioni ile mpaka wavulana wakalala wameegemeana.

Uhuru ulikuja. Bendera halisi zilipanda mjini, na vipande vingine vikaanguka chini ya meza, na fundi mzee akanitunzia. Kwetu cherehani ililia tangu asubuhi. Watu waliopita njiani walisimama, kwa sababu mlio ule walikuwa hawajausikia tangu Baba.

Asubuhi ya Krismasi, kabla ya kanisa, nilitundika duara moja mlangoni kwetu, lile la kwanza lenye tundu kubwa mno. Nilikuwa bado nalinyoosha nilipoona baba mdogo akipanda njia, akisukuma baiskeli. Kamba mpya ya katani ilikuwa imezungushwa kwenye usukani. Nyuma yake alikuja mama mdogo, kikapu kichwani, ingokho mkononi, kuku mzima aliyefungwa miguu.

"Mulembe," akasalimu baba mdogo, akaipumzisha baiskeli ukutani. Alionekana kuchanganyikiwa. "Hebu niambieni. Kutoka Khayega mpaka hapa nimepita wanawake wamevaa bendera chini ya vikapu. Kila kikapu, bendera. Nikamuuliza huyu kama ni amri ya serikali mpya."

"Nami nikamwambia kama ni amri, nimeshaitii," akasema mama mdogo, akateremsha kikapu.

Ngata ilibaki kichwani mwake. Nyeusi, nyekundu, kijani.

"Umeipata wapi, mama mdogo?"

"Jana pale Khayega, tuliposhuka basi tukalala kwa jamaa. Bibi mmoja wa vyungu aliniona nimesokota leso kichwani, akasema ananionea haya. Nikampa mahindi akanipa hii."

Nikamwomba niishike. Niliigeuza: uzi mweusi juu, mweupe chini.

"Hii ni yangu," nikasema.

"Yako vipi? Nimeitolea mahindi."

"Niliishona mimi. Humu ndani."

Baba mdogo aliinama chini ya duara la mlangoni akaingia. Cherehani haikuwa na gunia. Vumbi la kitambaa, jekundu na kijani, lilikuwa limetanda mezani na sakafuni na kwenye nywele za wadogo zangu. Aligusa gurudumu, akatazama mafuta kwenye kidole, akayanusa. Kisha akaokota ngata iliyokuwa haijamalizwa akajaribu kuivuta ifumuke. Haikufumuka. Akaivuta kwa nguvu zaidi.

"Nani anazungusha?" akauliza.

"Mimi, baba mdogo," akasema mdogo wangu. "Upepo ulikataa."

Mama mdogo aliketi chini kwa kicheko, kuku akapiga mabawa. Baba mdogo alijitahidi kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Alipomaliza alijifuta macho akatoka nje, na nikamfuata mpaka mlangoni, kwa sababu alikuwa anafungua ile kamba kwenye usukani.

Alisimama nayo mkononi akikitazama kibebeo cha nyuma, vyuma vitupu, mahali palipokuwa pamengojea cherehani tangu matanga.

"Huyu mama yenu hapandi hapa," akasema bila kunitazama. "Anasema chuma kinamuumiza. Ametembea kutoka Khayega kwa ajili ya vyuma hivi. Fundi, unaweza kunishonea kitu cha kuweka?"

Hakuna aliyekuwa ameniita fundi. Nikampimia kibebeo kwa shubiri, kama Baba alivyopima, nikaingia ndani.

Tulichelewa kanisani sote. Nilitumia kipande cha mwisho cha blanketi la Baba na nyekundu yote iliyobaki, mishono imebanana, na mama mdogo akasimama nyuma yangu akinihimiza niongeze unene, kwa kuwa si mimi nitakayeukalia. Mto ulipokwisha, baba mdogo aliukandamiza kwa ngumi, akaridhika, akaufunga kwenye kibebeo kwa kamba ile ya katani, mafundo mawili kila upande, akakata iliyozidi.

Mama mdogo alipanda. Alijitikisa kulia na kushoto, akajitwika kikapu juu ya ngata yake, akasema wanaweza kwenda. Baiskeli iliteremka kuelekea kanisani, wadogo zangu wakiifuata, kitinda mimba mgongoni mwa dada yake, nami nikabaki kidogo kufagia vipande na kuvirudisha kwenye gunia. Wanawake wengine walikuwa wameniambia wanataka ngata kabla ya mwaka mpya.