Togwa ya Kipaimara

Telesia wa maabara hana maneno mengi, na sisi tunaofanya naye kazi hapa Njombe tumemzoea. Kazi yake ni kuotesha bakteria. Hupaka kinyesi cha mgonjwa kwenye kisahani chenye chakula kilichotiwa chumvi za nyongo, ambazo bakteria wengi hawaziwezi. Wanaostahimili hujitambulisha kwa rangi: wengi wa kawaida wa tumboni huota madoa ya waridi, wa taifodi hubaki wamepauka.

Mwaka huu, baada ya sherehe ya kipaimara huko Makambako, waliokunywa togwa, kinywaji cha uji uliotiwa kimea, walianza kuugua taifodi. Priska, binti mdogo wa Alfonsi, kaka yake Telesia, alitoboka utumbo akafa. Mtaani walishaanza kumtaja mchawi, maana kumtafuta mchawi hakuhitaji kisahani.

Wapishi wote wakaombwa kuleta choo. Mmoja wao alikuwa Bibi Beatha, mama yake Telesia, fundi wa togwa pale Makambako.

"Dada, cha mama nipe nisome mimi," nilimwambia.

Akakataa. Visahani vya wengine vilikuwa vya waridi vitupu. Cha mama yake kilikuwa na madoa yaliyopauka. Akaotesha upya, akathibitisha kwa vipimo vingine. Jibu likawa lilelile. Niliumia kumwona anavyoosha mikono, taratibu, kama mtu asiyetaka kumaliza.

Tulikwenda pamoja Makambako. Alitaka mama asikie kwanza, ndipo amwambie Alfonsi.

"Mimi siumwi, mwanangu," Bibi Beatha alisema.

"Huumwi, mama. Uliugua zamani ukapona, lakini mdudu alibaki kwenye mfuko wa nyongo, anatoka na choo."

"Na uji wangu nachemsha hasa."

"Unachemsha. Ukishapoa je?"

Kimea hakitiwi kwenye uji wa moto, togwa itakataa kuwa tamu. Na Bibi Beatha hujua uji umepoa kwa kuzamisha mkono mpaka kwenye kifundo. Mkono huo tuliusifu wote, hata mimi.

"Priska ndiye aliyeonja wa kwanza," mama akasema polepole. "Alikuwa analia. Nikamwekea kwenye kiganja changu."

Mlango ukafunguliwa, Alfonsi akaingia na jagi na beseni, akapiga goti mbele ya mama yake.

"Mama, nawa tule."

Bibi Beatha akauficha mkono ndani ya kitenge. Alfonsi akabaki amepiga goti, jagi mkononi, akimtazama dada yake.